Picha Haitoshi: Tendaguru, Mirihi na Thamani ya Kugusa Mwamba

Mtu yeyote aliyekaa Lindi mjini akiwa na simu yenye ramani ya setilaiti anaweza, kwa dakika chache, kukifikia kilima cha Tendaguru bila kunyanyuka kitini. Kipo umbali wa kilomita zipatazo 60 kaskazini-magharibi mwa mji, na kwenye kioo cha simu kinaonekana jinsi kilivyo: kilima cha kawaida kilichozungukwa na pori, mashamba na njia za miguu. Unaweza kuikuza picha mpaka ianze kupasukapasuka, na hutaona hata mfupa mmoja. Hakuna rangi, kivuli wala umbo linalodokeza kwamba kati ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya vibarua walichimbua hapo mifupa ya dinosaria yenye uzito wa takriban tani 225, wakaifunga, wakaibeba mabegani na vichwani kwa mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi, na kwamba mnyama mmoja kati ya hao, yule mwenye shingo kama ya twiga, leo amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13.

Nimekikumbuka kilima hicho kwa sababu ya swali nililoulizwa na mwalimu mwenzangu wa jiografia. Alikuwa akisoma habari za vigari vilivyoko Mirihi, akashangaa: ikiwa setilaiti zinazoizunguka sayari hiyo zinapiga picha kali kiasi cha kuonyesha jiwe lenye upana wa mita moja, kuna haja gani ya kutumia mabilioni ya dola kukishusha chombo ardhini, tena kwa hatari ya kukivunja?

Swali ni la haki, na watetezi wa safari hizi mara nyingi hulijibu vibaya. Hujibu kwa picha: machweo ya buluu ya Mirihi, nyayo za magurudumu kwenye mchanga, helikopta ndogo ikiruka katika hewa ya sayari nyingine. Kwa maoni yangu picha ndiyo zao dogo kuliko yote la chombo kilichotua, na mwenye kuitetea safari kwa picha amekwisha kumpa mpinzani wake ushindi, kwa kuwa picha za angani ni nyingi zaidi, zinaenea sayari nzima na ni za bei nafuu. Kinachopatikana ardhini na kisichopatikana juu ni umri wa mwamba, habari za ndani ya sayari, na kemia ya kitu kikiwa bado kimelala katika tabaka lake. Mambo hayo hayaonekani kwa jicho, hata jicho liwe kali namna gani.

Tuanze na kisa cha Januari 2004, kwa sababu kilikuwa kama mtihani uliotungwa makusudi, ingawa hakuna aliyekusudia. Mwezi huo Marekani iliteremsha vigari viwili pacha, Spirit na Opportunity, pande mbili tofauti za Mirihi. Spirit kilipelekwa katika kreta ya Gusev, shimo kubwa lililochimbwa na kimondo, kwa kuwa picha za angani zilionyesha bonde refu, mithili ya mto mkavu, likiingia katika kreta hiyo; karibu kila aliyeitazama aliona mahali pa ziwa la kale. Opportunity kilipelekwa Meridiani, uwanda bapa usio na mvuto wa pekee kwa macho, kwa kuwa kifaa cha kupima mnururisho wa joto kilichokuwa kikiizunguka sayari kilikuwa kimebaini hematiti, madini ya chuma ambayo mara nyingi hujengeka penye maji. Dalili zote mbili zilikuwa na nguvu. Spirit kilipotua kilikuta uwanda wa basalti, yaani zaha iliyoganda. Ziwa, kama liliwahi kuwapo, lilikuwa limefunikwa na kuzikwa. Opportunity kilikuta vigololi vya hematiti vilivyokulia ndani ya mwamba wa mashapo, pamoja na jarosaiti, madini ambayo hayaundwi pasipo maji, nayo huhitaji maji yenye tindikali. Ardhi ilikataa hoja moja na kuthibitisha nyingine, na hakuna setilaiti ambayo ingeweza kutuambia mapema ni ipi ingekataliwa.

Spirit chenyewe kilikuja kulipa deni lake kwa njia ambayo hakuna mhandisi angethubutu kuiandika katika maombi ya fedha. Mwaka 2006 gurudumu lake la mbele la kulia liligoma, kigari kikawa kinatembea kinyumenyume kikiliburuta gurudumu lililokufa kama jembe. Mwaka uliofuata mfereji uliochimbwa na gurudumu hilo ulifichua udongo mweupe ambao takriban asilimia 90 yake ilikuwa silika, madini ya namna ya yale ya mchanga wa kioo. Mkusanyiko wa namna hiyo hapa duniani huhusishwa na chemchemi za maji moto au matundu ya mvuke wa volkano, mahali ambapo vijidudu huishi kwa raha. Udongo huo ulikuwa umefunikwa na vumbi jembamba, na vumbi hilo lilitosha kuuficha usionekane kutoka juu.

Katika suala la umri, wengi hawajui jinsi elimu yetu ilivyosimama juu ya nguzo chache. Unaposoma kwamba uwanda fulani wa Mirihi una umri wa miaka bilioni tatu, aghalabu namba hiyo haikutoka Mirihi. Wataalamu huhesabu kreta: ardhi iliyotobolewa na vimondo mara nyingi ni ya zamani, iliyotobolewa mara chache ni changa. Hesabu hiyo hutoa mpangilio wa nani mkubwa na nani mdogo, lakini haitoi miaka. Ili kupata miaka ni lazima upate mahali ambapo kreta zimehesabiwa na mwamba wake pia umepimwa maabara, na mahali hapo mpaka sasa ni Mwezi, ambako wanaanga wa Apollo walichukua kilo 382 za mawe na udongo, na roboti za Kisovieti za Luna zikaongeza gramu mia tatu hivi. Kipimo hicho cha Mwezi ndicho kinachohamishiwa Mirihi na Utaridi kwa makadirio. Tatizo ni kwamba mawe yale ya zamani yaliacha pengo kubwa, kwa kuwa mengi yana umri wa zaidi ya miaka bilioni tatu. Ndiyo maana gramu 1,731 zilizoletwa na chombo cha China, Chang'e 5, mwezi Desemba 2020, zilipokewa kwa shauku kuliko uzito wake unavyostahili: basalti zake zilipimwa zikapatikana na umri wa takriban miaka bilioni mbili, katikati kabisa ya pengo. Roboti moja, kilo isiyotimia mbili, na kalenda ya nyuso za sayari zote za miamba ikapata mahali pengine pa kushikizwa.

Kwa Mirihi yenyewe, jaribio la kwanza la kupima umri wa mwamba papo hapo lilifanywa na kigari Curiosity, kilichotua katika kreta ya Gale mwezi Agosti 2012. Kilichoronga mwamba wa tope lililoganda, kikausaga unga, kikaupasha moto na kupima agoni, gesi inayozaliwa polepole kutokana na potasiamu kadiri mwamba unavyozeeka. Jibu lilikuwa miaka bilioni 4.21, na uwezekano wa kukosea wa miaka milioni 350 huku na huku. Namba hiyo ndiyo iliyotangazwa sana, lakini mimi naipenda zaidi namba ya pili iliyotoka katika unga uleule. Mionzi ya anga hugonga mwamba ulio wazi na kuacha alama ndani yake, na kwa kuzihesabu alama hizo ilibainika kwamba mwamba huo wa kale ulikuwa umekaa wazi kwa takriban miaka milioni 78 tu. Kabla ya hapo ulikuwa umefunikwa na tabaka lililoliwa polepole na upepo. Maana yake ni kubwa. Mionzi hiyo huharibu molekuli za kaboni, kwa hiyo anayetafuta mabaki ya uhai anapaswa kuchoronga chini ya ukingo ambao bado unaliwa na upepo, penye mwamba uliofunuliwa karibuni. Mwelekezo wa kazi kama huo hautolewi na picha.

Hapa Tendaguru inanirudia tena. Mifupa ile ingekuwa mizigo mizito tu kama Werner Janensch na Edwin Hennig, waliosimamia uchimbaji, wasingeandika kila mfupa ulitoka tabaka lipi. Matabaka yenye mifupa pale yamepishana na matabaka yenye makombe ya viumbe wa baharini, na makombe hayo, ambayo nyakati zake zinajulikana kutoka sehemu nyingine za dunia, ndiyo yaliyosaidia kuwaweka wanyama wale mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Mfupa bila tabaka lake ni kama barua isiyo na tarehe wala anwani.

Na barua za namna hiyo kutoka Mirihi tunazo. Vimondo kadhaa vilivyoanguka duniani vilirushwa kutoka sayari hiyo na migongano ya kale. Lakini tulijuaje kwamba vinatoka huko? Ushahidi mzito zaidi ulipatikana mwaka 1983, gesi iliyonaswa ndani ya kioo cha kimondo kimoja kilichookotwa Antaktika ilipolinganishwa na hewa ya Mirihi kama ilivyopimwa na vyombo viwili vya Viking vilivyotua mwaka 1976, vikafanana. Bila kutua kwa Viking, mawe hayo yangebaki kabatini kama vitendawili. Na hata sasa, ingawa tunajua sayari yaliyotoka, hatujui yalitoka bonde gani wala tabaka gani.

Viking inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo safari inayonukuliwa sana na wale wanaosema kwamba kutua hakujibu maswali. Vyombo hivyo viliweka udongo wa Mirihi katika vyumba vidogo na kuulisha chakula chenye kaboni ya mionzi, ili kama kuna vijidudu vikile na kutoa gesi. Gesi ilitoka. Lakini kifaa kingine kilichoupasha udongo moto kutafuta molekuli za kaboni hakikupata kitu, isipokuwa misombo michache ya klorini ambayo ilidhaniwa kuwa mabaki ya dawa za kusafishia vifaa hapa duniani. Hitimisho likawa kwamba udongo ule umekufa na hauna hata malighafi ya uhai. Ikawa zaidi ya miaka 20 kabla ya chombo kingine kutua salama Mirihi.

Kisha mwezi Mei 2008 kikatua Phoenix karibu na ncha ya kaskazini, kikachota udongo, kikauchanganya na maji katika vikombe vidogo na kukuta perkloreti, chumvi yenye klorini na oksijeni nyingi. Chumvi hiyo ikipashwa moto huunguza molekuli za kaboni na kuacha misombo ya klorini, ya namna ileile iliyodhaniwa kuwa uchafu wa dawa. Kwa maneno mengine, inawezekana kabisa kwamba tanuri la Viking lilikuwa likiteketeza kitu kilekile kilichotumwa kukitafuta. Wataalamu wa Curiosity walikuwa wamekwisha kulijua hilo walipoanza kupasha moto unga wa mwamba wa kreta ya Gale, na mwaka 2018 walitangaza kwamba wamepata molekuli za kaboni ndani ya miamba ya tope yenye umri wa miaka zaidi ya bilioni tatu. Molekuli hizo si uthibitisho wa uhai, kwa maana zinaweza kuundwa bila kiumbe chochote. Hata hivyo mlolongo mzima, kutoka 1976 hadi 2018, unaonyesha jambo ambalo wakosoaji hulipuuza: chombo kilichotua kinaweza kukosea, na anayeweza kulisahihisha kosa lake ni chombo kingine kilichotua. Perkloreti haikuwa imetafutwa na mtu yeyote, na haingejulikana kuwa ndiyo iliyoharibu jibu kama mtu asingeuchanganya udongo ule na maji.

Sitaki nionekane kama nasema kwamba ardhi daima hushinda. Suala la methani linanizuia. Gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ambayo sasa husafishwa Madimba na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, kwa sehemu kubwa ni methani, na watu wa Mtwara wanajua kwamba gesi hiyo hukaa chini ya ardhi mpaka ipate mwanya. Curiosity kimepima methani kidogo sana katika hewa ya Gale, kwa kawaida chini ya sehemu moja katika bilioni, na mara moja, Juni 2019, ikapanda hadi sehemu 21 katika bilioni kisha ikatoweka. Wakati huohuo setilaiti ya Ulaya iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo inaichunguza hewa ya sayari nzima na haioni methani kabisa. Wapo wanaosema gesi huvuja usiku karibu na ardhi na kuharibiwa kabla haijasambaa; wapo wanaoshuku kwamba inavuja kutoka ndani ya kigari chenyewe. Kwangu mimi shaka hiyo ya pili ina uzito, na mpaka kifaa kingine, mahali pengine, kipime na kupata jibu linalofanana, methani ya Gale isiandikwe katika vitabu vya shule kama jambo lililothibitika.

Habari za ndani ya sayari ni rahisi zaidi kueleza kwa msomaji wa pwani hii. Gesi iliyoko chini ya sakafu ya bahari mbele ya Mtwara na Lindi haikupatikana kwa kuyatazama maji. Mitetemo ilipelekwa chini, mwangwi wake ukasikilizwa, ramani za matabaka zikachorwa, ndipo visima vikachorongwa. Kwa Mirihi hakuna anayeweza kupeleka mitetemo yenye nguvu ya kutosha, kwa hiyo inabidi kukaa na kusubiri sayari itetemeke yenyewe. Kazi hiyo ilifanywa na InSight, chombo kisicho na magurudumu kilichotua tarehe 26 Novemba 2018. Kiliweka kipimatetemeko ardhini kwa mkono wake, kikakifunika kwa kuba la kukinga upepo, na kwa miaka minne kikasikiliza. Kilisikia matetemeko zaidi ya 1,300, kubwa kuliko yote likiwa la ukubwa wa 4.7, tarehe 4 Mei 2022.

Kutokana na mawimbi hayo, kwa mara ya kwanza katika historia tulijua ukubwa wa kiini cha sayari nyingine ya miamba kwa kutumia mitetemo yake yenyewe. Mwaka 2021 ilisemekana nusukipenyo cha kiini hicho ni takriban kilomita 1,830. Hesabu hiyo ilileta utata, kwa sababu kiini kikubwa namna hiyo kilitaka kiwe chepesi mno, kimejaa salfa na elementi nyingine nyepesi kuliko ilivyotarajiwa. Kisha tarehe 18 Septemba 2021 kimondo kikaigonga Mirihi mbali sana na InSight. Mawimbi yake yalipita njia ambazo matetemeko ya kawaida hayakuwa yamepita, na mwaka 2023 uchambuzi mpya ulionyesha kwamba kiini ni kidogo zaidi, takriban kilomita 1,650, na kwamba kimezungukwa na tabaka la mwamba ulioyeyuka ambalo awali lilihesabiwa kuwa sehemu yake. Setilaiti nayo ilishiriki katika kazi ya namna hiyo: kimondo kingine kilipogonga tarehe 24 Desemba 2021, ndiyo iliyoipiga picha kreta yake yenye upana wa takriban mita 150 na kuonyesha vipande vya barafu vilivyorushwa pembeni. Ila bila sikio lililokuwa ardhini, picha hiyo ingekuwa ya shimo lisilo na saa wala sauti.

InSight kilishindwa pia, na kwa namna inayofundisha. Kilibeba kifaa cha kujigongea chini hadi mita tano ili kupima joto linalotoka ndani ya sayari. Udongo wa pale uligandamana tofauti na ilivyotarajiwa, ukakosa kukishika, kifaa kikawa kinarukaruka shimoni mpaka kazi ikasitishwa Januari 2021. Joto la ndani ya Mirihi bado halijapimwa. Chombo chenyewe kilikufa Desemba 2022 kwa kufunikwa na vumbi kwenye paneli za jua. Mtu mmoja mwenye ufagio angekiokoa.

Pingamizi lililo zito kuliko gharama ni hili: mahali palipotuliwa ni pachache mno. Kwa Mirihi vyombo vilivyotua na kufanya kazi ya maana ni kumi, navyo ni Viking mbili, Pathfinder, Spirit, Opportunity, Phoenix, Curiosity, InSight, Perseverance na Zhurong cha China. Eneo la sayari hiyo linakaribia eneo lote la nchi kavu ya Dunia. Je, mtu aliyetua mahali kumi duniani angethubutu kuandika habari za mabara yote?

Jibu langu linatoka Kilwa. Katika muongo wa 2000 wanajiolojia wa Tanzania na wenzao wa Ulaya walichoronga visima vifupi vya utafiti katika matope ya kale ya baharini, kwenye ukanda wa pwani wa Lindi na Kilwa. Ndani ya matope hayo mlikuwa na makombe ya viumbe wadogo kuliko punje ya mchanga, yaliyohifadhika vizuri kiasi cha kung'aa kama kioo, kwa sababu udongo wa mfinyanzi uliyakinga yasipenyezwe na maji. Kutokana na kemia ya makombe hayo, mwaka 2009 yalichapishwa makadirio ya hewa ukaa iliyokuwa angani takriban miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu kubwa ya Antaktika ilipoanza kujengeka. Mashimo membamba katika pwani yetu yalizungumza habari za ncha ya kusini ya dunia. Yaliweza kufanya hivyo kwa sababu yalichorongwa penye tabaka lililohifadhi kumbukumbu za jambo la dunia nzima. Kwa hiyo idadi ya mahali pa kutua ina uzito, lakini uzito mkubwa zaidi uko katika kuchagua mahali, na hapo ndipo setilaiti na chombo cha ardhini vinapoacha kuwa washindani.

Ni kwa kigezo hicho ninapoona kwamba Zuhura imedhulumiwa. Ni jirani yetu, inakaribiana na Dunia kwa ukubwa, na haijulikani kwa nini ikawa tanuri ilhali Dunia ikawa na bahari. Wasovieti waliitendea haki kuliko mtu mwingine yeyote. Venera 7 ndicho chombo cha kwanza kutuma habari kutoka uso wa sayari nyingine, Desemba 1970. Venera 9 kilituma picha ya kwanza mwaka 1975. Na tarehe 1 Machi 1982 Venera 13 kilidumu dakika 127 katika joto la nyuzi 457 na kani ya hewa inayolingana na ile ya kuzama baharini karibu mita 900, kikachoronga na kupima kemia ya mwamba. Siku nne baadaye ndugu yake, Venera 14, alinyoosha mkono kupima ugumu wa ardhi, ukaangukia kifuniko cha kamera kilichokuwa kimedondoka palepale, ukapima ugumu wa kifuniko. Tangu Vega 2 kilipotua mwaka 1985 hakuna kingine kilichofika ardhini kikafanya kazi. Tunayoyajua kuhusu mawe ya Zuhura yanatokana na vipimo vya dakika chache kwenye mahali pachache, karibu pote penye basalti, wakati nyanda zake za juu zilizokunjamana, ambazo huenda zina mwamba wa kale uliozaliwa penye maji, hazijaguswa. Utaridi ndiyo kabisa: kilichowahi kuugusa ni MESSENGER, kilichoishiwa na mafuta kikaanguka juu yake Aprili 2015. Ningepewa nafasi ya kupiga kura, fedha za kigari kingine cha Mirihi ningezipeleka kwenye nyanda hizo za juu za Zuhura, hata kwa saa mbili tu.

Lakini kura hiyo ningeipiga baada ya kumaliza kazi iliyokwisha kuanzwa. Kigari Perseverance, kilichogharimu takriban dola bilioni 2.7 na kutua katika kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021, hakikutumwa kutoa majibu ya mwisho. Kilitumwa kuchoronga vipande vyenye unene wa kidole, kuviziba ndani ya mirija na kuviweka tayari kuletwa duniani. Julai 2024 kilichoronga mwamba wa tope wenye madoa kama ya chui, na ripoti iliyochapishwa Septemba 2025 ilieleza kwamba kingo za madoa hayo zina madini ya chuma na fosfeti pamoja na madini ya chuma na salfa, katika mpangilio ambao hapa duniani mara nyingi huachwa na vijidudu vinavyokula mabaki ya viumbe. Wenye ripoti walikuwa waangalifu kusema kwamba kemia isiyo na uhai inaweza pia kuleta madoa hayo, na kwamba vifaa vilivyomo ndani ya kigari haviwezi kuamua. Kinachoweza kuamua ni maabara kubwa, na maabara kubwa haibebeki.

Mpango wa kuileta mirija hiyo umekwama. Mwaka 2024 makadirio yalifika dola bilioni 11 na mwaka 2040 kama tarehe ya kurudi, na mwaka 2025 serikali ya Marekani ikapendekeza kuufuta. China inapanga safari yake ya kuleta mawe ya Mirihi, itakayoondoka mwishoni mwa muongo huu. Naelewa kwa nini bilioni 11 zinaogofya. Nisichoelewa ni hesabu inayokubali kulipia uchimbaji, ufungaji na uandishi wa kumbukumbu za kila tabaka, kisha ikaona usafirishaji kuwa ndiyo anasa.

Mizigo ya Tendaguru ilipofika Lindi ilipakiwa melini ikaenda, na mwenyeji aliyeibeba hakuwa na namna ya kujua kilichosomwa ndani yake. Hilo ni deni ambalo halijalipwa, na angalau data za Mirihi leo ziko wazi kwa mwalimu yeyote wa Lindi mwenye intaneti. Huko Berlin mifupa ilichukua muda mrefu. Yule mwenye shingo ndefu alisimamishwa mwaka 1937, na baadhi ya vifurushi vilivyofungwa kwa mianzi vilikaa miongo mingi bila kufunguliwa, mpaka zikaja mashine zinazoweza kuona ndani bila kuvifungua. Mawe yaliyokwisha kufika hungoja vifaa ambavyo bado havijabuniwa.

Kati ya Desemba 2022 na Januari 2023 Perseverance kilishusha mirija kumi kwenye uwanda unaoitwa Three Forks, mmoja baada ya mwingine, kikipima na kupiga picha mahali pa kila mmoja ili upatikane hata ukifunikwa na vumbi. Mingine, pamoja na ule wa mwamba wenye madoa, bado imo tumboni mwa kigari. Mzigo umefungwa, na kila kipande kimeandikiwa tabaka kilikotoka. Kilichokosekana bandarini ni jahazi.